Fisker: Magari yalijaa, wanunuzi hawakufikiwa

GARI likitoka kiwandani bado si mauzo mpaka mteja akabidhiwe ufunguo. Somo hilo liliwagharimu wenye hisa wa Fisker, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme iliyoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2024.

Kampuni hiyo, iliyoingia Soko la Hisa la New York mwaka 2020, haikujenga kiwanda. Gari lake, Ocean, liliundwa na Magna mjini Graz, Austria. Mpango huo uliokoa mtaji. Lakini Fisker ilitaka pia kumuuzia mteja moja kwa moja, bila wakala, na hapo ndipo ilipokwama. Mwaka 2023 yaliundwa magari 10,193. Yaliyowafikia wateja hayakutimia 5,000. Baadhi ya waliyoyapata walilalamikia hitilafu za programu za kompyuta.

Januari 2024 kampuni iligeuza msimamo na kuanza kutafuta mawakala. Machi, Ocean ya daraja la juu ilishushwa bei kutoka dola 61,499 hadi 37,499, pigo kwa walionunua mapema. Mwezi huo huo soko lilisimamisha biashara ya hisa zake kwa kuwa bei ilikuwa imeporomoka mno.

Kampuni ikifilisika, wadai hutangulia; mwenye hisa husubiri mabaki, kama yapo. Mwekezaji mdogo anaposoma taarifa ya mwaka, asiishie kwenye idadi ya bidhaa zilizotengenezwa. Atazame zilizolipiwa.