'Bure', 'mubashara' na king'amuzi: Tuelewane kabla ya mpira kuanza

Majuzi nilikuwa Mbaraki, kisiwani Mombasa, si mbali na ule mnara wa kale. Nilimkuta mzee mmoja barazani akimlalamikia kijana wa jirani.

"Niliambiwa ni bure. Nikanunua king'amuzi kwa pesa zangu. Mwezi wa kwanza natizama mpira raha mstarehe. Wa pili, kioo cheusi, naambiwa nilipe! Bure gani hiyo?"

"Ami, hapo ulionjeshwa tu," kijana alimjibu. "Ya bure ni ile ya antena."

Nilicheka, kisha nikawaza. Mzee hakuponzwa na kifaa; aliponzwa na neno.

Neno 'bure' lina maana zaidi ya moja. Kwanza, ni bila malipo. Pili, ni bila faida, kama katika 'amejisumbua bure'. Mwuzaji husema 'bure' akimaanisha mwezi wa kwanza. Mnunuzi husikia 'bure' akaelewa daima. Ndiyo maana napendekeza tutofautishe mambo mawili. 'Chaneli isiyolipiwa' ni ile ambayo mtazamaji hadaiwi ada yoyote, leo wala kesho. 'Ofa ya bure' ni ya muda, na muda huo una mwisho. Kauli ya kutendewa katika 'isiyolipiwa' inatufaa kwa sababu inaeleza hali ya chaneli yenyewe, si ukarimu wa anayeiuza.

Tangu mitambo ya analogi ilipozimwa nchini mwaka 2015, hata chaneli zisizolipiwa huhitaji kifaa cha kupokea mawimbi ya dijitali. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa: kununua kifaa ni gharama ya mara moja, kulipia chaneli ni gharama ya kila mwezi. Kifaa hicho ndicho king'amuzi (wingi: ving'amuzi). Neno limetokana na kitenzi 'ng'amua', yaani kutambua jambo lililofichika. Muundo wake ni ule ule wa 'amua' kuzaa 'mwamuzi' na 'nunua' kuzaa 'mnunuzi', ila kiambishi 'ki-' kinaonyesha kuwa ni kifaa, si mtu. Wapo pia wanaokiita 'kisimbuzi', kutokana na 'simbua', yaani kufumbua ujumbe uliofichwa katika msimbo. Yote mawili ni sahihi. Barabarani utasikia 'dikoda', na hakuna atakayepotea.

Tuje kwenye 'mubashara'. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya 'kwa njia ya moja kwa moja'. Wenye madishi yanayonasa stesheni za Uarabuni wamezoea kuliona neno la mzizi huo pembeni mwa kioo mechi inapochezwa. Vyombo vya habari vya Tanzania vimelikumbatia, na wengine huandika 'mbashara'. Hapa Kenya tumezoea 'moja kwa moja', na vijana husema 'laivu'. Udhaifu wa 'moja kwa moja' ni kwamba humaanisha pia 'bila kukatizwa'. Tangazo likisema 'mechi zote zitaonyeshwa moja kwa moja', je, zitaonyeshwa zinapochezwa, au zitafuatana bila mapumziko? 'Mubashara' halina utata huo. Kinyume chake ni 'marudio', nayo 'muhtasari' ni vipande vilivyoteuliwa tu.

Hata hivyo, mubashara si lazima iwe papo hapo. Usiku wa mechi kubwa, nyumba moja hupiga kelele za bao huku jirani bado anauona mpira katikati ya uwanja! Picha za setilaiti husafiri mbali, na za intaneti aghalabu huchelewa zaidi. Wote wanatazama mubashara, lakini furaha haifiki kwa wakati mmoja.

Swali la mzee linabaki: mpira wa bure upo? Upo, ila si wote. Kuonyesha mechi kunahitaji 'haki za matangazo', na haki hizo hununuliwa. KBC ilipozipata za Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, aliyekuwa na antena alitazama mechi ilizozirusha bila kulipa ada. Haki zikishikwa na stesheni za kulipia peke yake, king'amuzi hakina muujiza.

Basi msomaji, ukifika dukani usiulize tu, "Ni bure?" Uliza: "Chaneli hizi hazilipiwi kabisa? Nikikaa mwaka bila kulipa, zitabaki zipi?" Tazama pia kama runinga yako ina alama ya DVB-T2, ikiwa nayo, huenda king'amuzi kimo ndani tayari na unachohitaji ni antena pekee.

Mzee wa Mbaraki aliposikia hivyo, alitikisa kichwa: "Kumbe ningeuliza vizuri, ningejibiwa vizuri." Nami sina la kuongeza.