Ulimi wa Mkufunzi Katika Ligi ya Kulipwa

Kurasa zetu za michezo zina neno linalonivutia kama mwanaisimu, nalo ni “mkufunzi”. Neno hilo hilo humtaja afunzaye chuoni na aongozaye timu uwanjani, wala hatuoni haja ya kuwatenganisha. Katika mpira wa vikapu wa Marekani, hata hivyo, kati ya mkufunzi wa chuo na yule wa timu ya kulipwa pana bonde pana, na si wachache waliotumbukia humo wakijaribu kulivuka.

Mathalani, mtazame John Beilein. Alianza kuongoza timu za vyuo mwaka wa 1978, na katika miaka yote hiyo ya vyuoni hakuwahi kuwa msaidizi wa mtu. Akiwa Chuo Kikuu cha Michigan aliifikisha timu yake katika fainali ya kitaifa mwaka wa 2013 na tena 2018. Mnamo Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 66, aliajiriwa na Cleveland Cavaliers kwa mkataba wa miaka mitano. Februari 2020 alijiuzulu. Katika mechi 54, alikuwa ameshinda 14 tu.

Huenda msomaji akasema timu yenyewe ilikuwa dhaifu. Ni kweli, LeBron James alikuwa ameihama mwaka wa 2018, na msimu uliofuata ilishinda mechi 19 pekee kati ya 82. Lakini kushindwa kwingi ndiko hasa mtu wa chuo asikokuzoea. Kule, msimu mzima huwa na mechi zisizofika 40, na kati ya mechi moja na nyingine kuna siku za kurudia somo hadi lieleweke. Katika NBA timu hucheza leo, hupanda ndege usiku, na kesho hucheza tena. Isitoshe, mwanafunzi alichaguliwa na mkufunzi mwenyewe, na wakati huo kanuni zilimlazimu kukaa nje msimu mzima iwapo angehamia chuo kingine. Alikuwa na kila sababu ya kuvumilia maneno makali. Je, Kevin Love, bingwa wa 2016 mwenye mkataba wa dola milioni 120, alikuwa na sababu gani?

Hapo ndipo ulimi unapoingia. Januari 2020, timu ilipokuwa ikitazama kanda ya mechi zake, Beilein alikusudia kuwasifu wachezaji kwamba sasa wamechangamka, hawachezi tena kama makoa, wale wadudu watambaao polepole. Kinywani likatoka neno jingine la Kiingereza, linalokaribiana sana na hilo kwa sauti, lenye maana ya majambazi. Aliomba radhi, akaeleza kwamba ulimi uliteleza.

Mimi naamini uliteleza. Makosa ya namna hiyo yanafahamika vyema katika taaluma yangu. Lakini neno alilolitamka limetumiwa kwa miaka mingi Marekani kuwatukana vijana weusi, na msemaji alikuwa mzungu mbele ya wachezaji ambao wengi wao walikuwa weusi. Msikilizaji hufasiri tamko kwa kumtazama aliyelitamka na jinsi wanavyohusiana. Palipo na imani, kosa kama hilo huchekwa likapita. Pale Cleveland imani ilikuwa imekwisha kupungua, kwani wachezaji walikuwa wakinung'unika tangu mapema kwamba wanafundishwa kama watoto. Na hata lile neno la koa lingetamkwa sawasawa, bado ni neno la mwalimu kwa mwanafunzi mzembe.

Brad Stevens naye alitoka Butler, chuo kidogo alichokifikisha fainali mwaka wa 2010 na 2011, akatua Boston Celtics mwaka wa 2013 akiwa na miaka 36. Msimu wake wa kwanza alishinda 25 na kushindwa 57. Tofauti ni kwamba alikuwa na mkataba wa miaka sita, wakubwa waliokuwa wameamua kuijenga timu upya, na sauti ya upole asiyoipaza ovyo. Sidhani upole peke yake ungalimwokoa. Waajiri wasio na subira wangalimfukuza baada ya msimu ule. Walimwacha, akaifikisha timu fainali ya kanda ya mashariki mara tatu, na mwaka wa 2021 wakampandisha cheo awe mkuu wa shughuli za klabu, mwenye kuajiri wakufunzi wengine.