Je, Wajua? Mzee wa Kigogo na Albamu Yake

Je, wajua Ugogo hauishii Dodoma? Vuka mpaka uingie Manyoni, mkoani Singida, bado uko kwa Wagogo, na bado utaikuta ilimba, ala yao ya muziki. Basi mtu wa Manyoni akijisifu kwa mwanamuziki wa Kigogo, Hukwe Zawose, mwache ajisifu!

Wajua Hukwe alikuwa mchunga ng'ombe wa baba yake? Alizaliwa kijijini Doyomoyo, Dodoma. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na mchungaji akawa msanii wa taifa.

Je, wajua albamu ya Chibite ilitoka mwaka 1996, Hukwe akikaribia miaka 60? Ilitolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki wa roki Peter Gabriel, yenye studio ndani ya kinu cha zamani kijijini Box, Uingereza. Hukwe alikuwa na Charles Zawose, kijana wa ukoo wake. Wawili tu, msomaji wangu! Sikiliza, utadhani kijiji kizima kimekuja.

Na sauti ile? Inatajwa kuwa na upana wa okteva 5! Inaanza chini kama ngurumo ya masika, mara iko juu, nyembamba kabisa, na mtu ni yuleyule. Mimi naona hakuna sauti ya Tanzania iliyowahi kuifikia.

Sasa sogea karibu, tuitazame ilimba. Ni sanduku la mbao lenye vyuma bapa, na ilimba kubwa huwa na zaidi ya 30. Vidole gumba ndivyo vinavyopiga. Lakini wajua baadhi ya vyuma haviguswi kabisa? Vinalia vyenyewe, vikitikiswa na jirani zao!

Bado. Kwenye ubao wake kuna kitobo, na kitobo hicho kimezibwa kwa utando wa buibui. Ndiyo, buibui! Utando ukitikisika, kila noti inatoka na mvumo wake. Ukidhani spika yako imeharibika, tulia: ni buibui yuko kazini.

Wajua piano haiwezi kuifuata ilimba sawasawa? Noti za Wagogo zimepangwa kwa sauti za asili ambazo uzi mmoja hutoa ukitikisika, na nyingine huangukia katikati ya vibao vya piano. Ujaribu, utaona!

Je, wajua kabla ya Chibite kulikuwa na Tanzania Yetu, ya mwaka 1985? Humo Hukwe yupo na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Mwaka 2002 ikaja Assembly, pamoja na Michael Brook wa Kanada, na mwaka huohuo mzee akapanda majukwaa ya Marekani kumfungulia Peter Gabriel. Hebu fikiria, njuga miguuni, ilimba mkononi, mbele ya maelfu waliokuja kusikiliza roki!

Hukwe alifariki Desemba 30, 2003, Bagamoyo, mji wa Chuo cha Sanaa alikofundisha vijana.

Na wajua muheme, ngoma inayobanwa katikati ya mapaja, ni ya wanawake? Na wanawake wa ukoo wa Hukwe nao wamo: mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wake, walitoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Kampuni gani? Real World ileile!