Je, Wajua? Seneta Aliyesema kwa Kope

Je, wajua kwamba Jeremiah Denton, rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyetekwa Vietnam ya Kaskazini mwaka 1965, alipoketishwa mwaka uliofuata mbele ya kamera ili akiri kuwa anatendewa kwa hisani, alijifanya kusumbuliwa na mwanga wa taa, na kwa kupepesa kope akatoa, herufi baada ya herufi katika alama za Morse, habari ya kuwa anateswa? Alifunguliwa 1973, na 1980 Alabama ikamchagua seneta. Katika Seneti akajulikana kwa ukali wake juu ya maadili ya vijana, ingawa athari yake njema zaidi, kwa rai yangu, ni sheria iruhusuyo shehena za sadaka kupakiwa bure katika ndege za kijeshi zenye nafasi. Kiti alikipoteza 1986.