Kufumua mashine ya boti au kuiuza: hesabu inayowasumbua wenye vyombo

Kuanzia Kilwa na Mafia hadi mialo ya Ziwa Victoria, mashine za kupachika zinazosukuma boti za uvuvi mara nyingi si mpya. Zimeshapita mkono wa pili au wa tatu, nyingi ni za nguvu farasi 15, 25 au 40, za kuchanganya oili na petroli, na zinamfikia mnunuzi zikiwa zimeanza kuchoka. Boti ambayo mwaka jana ilifika kwenye nyavu kwa tangi moja ikianza kudai tangi na nusu, mwenye chombo hana budi kuamua kama ataifumua mashine yake au ataiuza ilivyo na kutafuta nyingine.

Wengi hawaamui mapema, na sababu iko kwenye mgao. Katika sehemu nyingi petroli na chakula hukatwa kwanza kwenye mauzo ya samaki, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya mwenye chombo na mabaharia. Matengenezo ya mashine humwangukia mwenye chombo peke yake. Mashine ikianza kunywa mafuta, hasara inalipwa na wote. Siku ikifumuliwa, anayelipa ni mmoja. Mabaharia wanalijua hilo na wanalisema wazi, na wana haki ya kulisema. Mashine nyingi zinazofikishwa kwa fundi zikiwa zimenoki kabisa zilikuwa zimelalamika kwa miezi.

Ushauri wa haraka vijiweni ni kubadilisha pistoni na ringi. Ni kazi ya muda mfupi na bei yake inastahimilika. Lakini mafundi waangalifu hupima kompresheni kabla ya kugusa spana. Mashine inawashwa mpaka ipate moto, kisha inazimwa, plagi zote zinatolewa, mkono wa mafuta unafunguliwa hadi mwisho na kila silinda inapimwa peke yake. Mashine nyingi za aina hii zina silinda mbili, na tofauti kati yake ikizidi takribani asilimia 10, kuna kilichoharibika ndani ambacho ringi mpya pekee huenda zisikitibu. Silinda iliyochubuka hupelekwa kwa mkerezaji, ikachongwa na kuwekwa pistoni ya saizi ya juu, kwa kawaida robo au nusu milimita zaidi. Ikishafika saizi ya mwisho, kinachobaki ni kutia slivu mpya au kutafuta bloku nyingine.

Pwani kuna adui wa ziada. Chumvi huganda kwenye njia za maji ndani ya bloku, mashine inapata joto hata kama impela ya pampu ni mpya, na alumini inaliwa taratibu mpaka boliti zinakatikia ndani. Mashine iliyosuuzwa kwa maji baridi kila inaporudi na kubadilishiwa zinki kwa wakati inaweza kustahili kufumuliwa zaidi ya mara moja. Ile iliyolala na chumvi yake miaka yote ni ya kuuzwa vipuri, hata kama silinda zake zinang'aa. Ndiyo maana mashine mbili za umri mmoja, moja ya Ukerewe na nyingine ya Mafia, hazistahili uamuzi mmoja. Kreniki nayo ikaguliwe, kwa sababu ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi. Beringi zikishaota kutu, hasa kwa mashine iliyowahi kuzama, hesabu ya kufumua huwa imeshakufa hapo hapo.

Muuzaji mmoja wa vipuri jijini Mwanza anasema kinachomkera ni kingine kabisa. Wateja, anadai, wanaingia dukani wakiwa wamesikia redioni kwamba zana za uvuvi zimeondolewa kodi, na wanataka bei ishuke papo hapo. Kwa maelezo yake, nafuu inayotangazwa inaihusu mashine nzima iliyo kwenye boksi lake, lakini pistoni, sili, gasketi na konrodi zinapita forodhani kama vipuri vya kawaida, na juu ya hapo bei inafuata dola. Mteja akikataa bei yake anavuka barabara na kununua pistoni ya bandia yenye boksi linalofanana na la asili. Baada ya wiki chache anarudi na silinda iliyochubuka upya, akiwa amelipa mara mbili kazi ya mkerezaji. Muuzaji huyo anasema duka la jirani linauza zaidi yake, na hajawahi kuona mkaguzi akifungua boksi hata moja.

Madai yake yana maslahi ndani yake, kwa kuwa yeye mwenyewe anauza vipuri vya bei ya juu. Hata hivyo mafundi waliozungumza na mwandishi huyu wanakubaliana naye kuhusu bandia. Pistoni inayotanuka kupita kiasi ikipata joto haimsamehe fundi hata awe hodari namna gani.

Upande wa serikali jibu ni jepesi zaidi. Ofisa mmoja wa uvuvi anaona suala la kufumua mashine chakavu linapitwa na wakati, kwa kuwa mikopo nafuu ya boti na mashine mpya ipo na wavuvi wanahimizwa kujiunga kwenye vikundi. Tatizo ni kwamba mara nyingi mikopo hiyo inataka kikundi kilichosajiliwa na kumbukumbu za mauzo. Mwenye mtumbwi mmoja na mashine moja, anayeuza samaki usiku kwa fedha mkononi, hana karatasi ya kuonyesha. Huyo ndiye hasa anayefumua, na maelezo ya ofisa hayamgusi.

Mashine iliyokwisha kufumuliwa nayo ina saa zake za hatari. Kwa mashine nyingi za kuchanganya, kipimo cha kawaida ni lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Baada ya kufumuliwa kipimo huongezwa mara mbili, lita moja kwa 25, kwa takribani saa 10 za mwanzo, na mashine inatakiwa iendeshwe polepole. Ni wachache wanaovumilia. Oili ya boti ni ghali, ya bodaboda ipo kila kioski, na usiku wa kwanza mashine inabebeshwa nyavu, barafu na watu saba kwa mwendo wa mwisho. Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha nyingi za matengenezo zinapopotelea, kuliko kwa fundi mbaya.

Kuhusu mashine za mtumba kutoka nje, dalili hazieleweki vizuri. Marekani ilianza kubana moshi wa mashine za boti mwaka 1998 na kukamilisha hatua hizo mwaka 2006, na Ulaya nayo ilifuata njia hiyo. Kinachotoka huko sasa kinaelekea kuwa mashine zisizochanganya oili, zenye valvu na vifaa vya umeme. Zinabana mafuta, lakini fundi wa diko mwenye spana na kipimo cha kompresheni hawezi kuzifumua zote. Huenda hilo likapandisha bei ya mashine kuukuu za kuchanganya na kufanya matengenezo yalipe zaidi, isipokuwa bei ya vipuri nayo ipande kwa kasi hiyo hiyo, jambo ambalo wauzaji wengi wanalitarajia.

Kwa sasa wavuvi wa dagaa wanaendelea kupanga matengenezo yao wakati wa mbalamwezi, boti zikiwa zimelala. Anayepata pistoni ya asili kabla ya giza kurudi anafumua. Anayeikosa mara nyingi anafunga ringi tupu na kurudi majini.