Vipuri vya valvu: tuchague kwa kipimo, si kwa bei

Barabara za milima ya Gashonga, katika Wilaya ya Rusizi iliyokuwa sehemu ya Cyangugu hadi mageuzi ya mwaka 2006, haziionei huruma injini kongwe. Gari hupanda kwa gia ndogo kwa muda mrefu, na injini hupata moto mkali. Likizimika mlimani usiku, askari wanaongojewa hawafiki, na mgonjwa aliyepakiwa hafiki hospitali. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tuzungumze na ndugu zetu wanajeshi na polisi juu ya kuchagua vipuri vya valvu.

Valvu ni milango ya injini: mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi. Kamshafti huifungua, springi huifunga. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 1,500, na kila valvu hufunguka mara 1,500. Kazi ya namna hiyo haitaki kipuri cha kubahatisha.

Kwanza, jina la gari halitoshi. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, iliuzwa na injini za petroli na za dizeli, za silinda 4, 6, na hata 8. Toyota Land Cruiser FJ40 ilianza mwaka 1960 na injini ya F. Mwaka 1975 ikapewa ya 2F. Isitoshe, gari kongwe nyingi zimekwisha kubadilishiwa injini. Hapana budi mwenye gari aandike namba iliyopigwa kwenye injini yenyewe, na achukue kipuri cha zamani akilinganishe na kipya dukani. Aliyenunua kisichofaa kule Gatsata, Kigali, atalazimika kuuvuka tena msitu wa Nyungwe kwenda kukirudisha.

Pili, vipuri vinavyosuguana vinunuliwe pamoja. Katika injini ya tapeti bapa, kamshafti mpya ikiwekwa juu ya tapeti zilizolika, huliwa nayo upesi. Anayenunua kamshafti ya mtumba aidai pamoja na tapeti zake, kila moja ikiwa imewekewa alama ya mahali pake. Rodi za kusukumia ziviringishwe juu ya kioo, iliyopinda itajionyesha. Springi zisimamishwe kwa safu na kupimwa urefu: iliyofupika imechoka, na valvu yake itachelewa kufunga injini ikienda kasi.

Tatu, tukumbuke mabadiliko ya petroli. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli yenye madini ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Uamuzi huo ulikuwa wa manufaa makubwa kwa afya, hasa ya watoto. Lakini madini hayo ndiyo yaliyokinga viti vya valvu katika injini nyingi za zamani. Bila kinga hiyo, kiti laini hulika, valvu huzama, na nafasi yake hupungua. Hapo ndipo hatari ilipo: injini haipigi kelele, bali hutulia. Dereva hufurahi, kumbe valvu haifungi sawasawa na inaungua. Kwa hiyo hedi inapofunguliwa, fundi atiwe shime aweke viti vya chuma kigumu upande wa moshi, pamoja na valvu zinazolingana navyo.

Mwisho, kipuri bora kisiharibiwe kwa kurekebishwa kwa sikio. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 hutaka nafasi ya milimita 0.25 kwa valvu zote. Injini ya 2F, ikiwa na moto, hutaka 0.20 upande wa kuingiza na 0.35 upande wa moshi. Tofauti hizo ni nyembamba kama karatasi. Bamba la kupimia pekee ndilo linaloweza kuzitambua.

Askari hakubali risasi ya kipimo kingine itiwe katika bunduki yake, hata akipewa bure. Basi na ailinde injini yake kwa msimamo huo huo, maana zote mbili hutegemewa saa ile ile ya hatari.