Maumivu ya Wanaume Yatibiwe kwa Vipimo

Wapo wanaume miongoni mwetu, hapa Mabatini na katika visiwa vya ziwa hili, wanaoishi miezi na hata miaka na maumivu wasiyoyataja. Huumwa kinenani na chini ya korodani, mkojo huwachoma, na tendo la ndoa hugeuka adhabu. Mgonjwa wa namna hii huanzia duka la dawa, akanunua siprofloksasini ya siku chache. Maumivu yakirudi, hununua tena. Mkewe naye huanza kumshuku kuwa ameleta ugonjwa wa zinaa, na nyumba ikaingia fitina ambayo pengine haina msingi.

Twasema pengine, kwa kuwa kisonono kipo na hakina budi kupimwa kwanza. Lakini si kila mkojo unaochoma ni kisonono. Mara nyingi kinachouma ni tezi dume, kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, ambacho njia ya mkojo hupita katikati yake. Wananchi wengi wakisikia tezi dume huwafikiria wazee na saratani. Uvimbe huu wenye maumivu ni jambo jingine, nao huwasumbua sana wanaume walio chini ya miaka 50, yaani wale wale tunaowategemea kuvuta nyavu.

Ukija ghafla pamoja na homa kali na kuziba kwa mkojo, ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ule wa muda mrefu unaoletwa na bakteria hutibiwa kwa dawa za wiki 4 hadi 6, baada ya mkojo kuoteshwa maabara ili ijulikane dawa ipi inafaa. Vidonge vya siku tano ni kuwachokoza wadudu tu. Hata hivyo, katika wagonjwa wa muda mrefu, zaidi ya 9 kati ya 10 hawaonekani na bakteria yeyote. Kwao siprofloksasini ya kila mwezi haiui kitu, ila inawazoeza dawa bakteria wengine waliomo mwilini, hata siku itakapohitajika kweli isifae. Wanachohitaji ni dawa za maumivu, dawa za kulegeza shingo ya kibofu, na mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga iliyokakamaa. Kukalia maji ya uvuguvugu huwapa wengi nafuu. Nafuu yenyewe huja polepole, na anayeahidi kuyamaliza yote kwa chupa moja anatafuta fedha.

Uchunguzi wa tezi hii hufanywa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na hapo ndipo wanaume wengi hukimbia. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa hukumu za tohara tungali watoto, na kila kiungo kikatajwa waziwazi mbele ya mwalimu. Hatuelewi haya hii ya mbele ya tabibu imetoka wapi.

Katika mkoa huu kuna sababu nyingine isiyopasa kusahauliwa, nayo ni kichocho. Kile cha ziwani hasa ni cha tumbo. Kichocho cha mkojo huchumwa zaidi katika madimbwi na majaruba ya bara, Misungwi, Kwimba na Magu, na mtu aliyelima mpunga au kuchunga huko utotoni huweza kuhamia mjini au kisiwani akiwa na minyoo hiyo mwilini. Mayai yake hujipenyeza katika kibofu, na pia katika tezi dume na vifuko vya manii, yakaleta maumivu na damu katika manii. Wavuvi waliochunguzwa kusini mwa Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, kuanzia mwaka 2017, baadhi yao walikutwa na mayai hayo ndani ya manii. Dawa yake ni prazikwanteli: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600 kwa mara moja. Dawa hiyo huua minyoo, lakini makovu yaliyokwisha kufanywa na mayai haiyafuti, ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Kwa miaka mingi ugawaji wa prazikwanteli umelenga hasa watoto wa shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, wapewe wote kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwamo. Tungependa viongozi wa mkoa na wilaya watueleze lini ushauri huo utafika katika kambi za wavuvi.

Tunawaomba pia waiangalie maabara ya zahanati. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi katika mkojo baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, hasa katika matone ya mwisho, nayo huonekana kwa hadubini ya kawaida. Mwanamume wa Ukara au Kome hana sababu ya kulipa nauli ya kuvuka maji hadi Mwanza kwa kipimo hicho, ikiwa zahanati iliyo karibu naye ina hadubini na mtu anayejua kuitumia.